Shafti ya 17-4PH: sumaku inaishika, nimeizima kwenye oili haijakaza. Nimeuziwa kanyaboya?

#1 Mkereza Shafti

Wakuu habari za saa hizi. Nimekwama, na mteja ananiandama kama mwenye nyumba mwisho wa mwezi. Anayevijua hivi vyuma anisaidie.

Mimi ni fundi wa lezi, karakana iko Dar. Nina mteja mwenye mabwawa ya chumvi upande wa Bagamoyo. Ana pampu ya kuvuta maji ya bahari kuyaingiza mabwawani, na shafti ya zamani ilikuwa imekwisha. Nikanunua chuma cha mviringo cha mm 50, nikaambiwa ni stenlesi, kimegongwa muhuri kichwani: 17-4PH COND A. Nikakereza, penye beringi nikashusha hadi mm 40, nikachimba mfereji wa kii (kile kipande kinachofunga gurudumu kwenye shafti), nikamkabidhi kazi yake. Haikufika miezi miwili. Imekatika palepale kwenye mfereji wa kii, kama mtu amekata muwa.

Mzee kaja na vipande viwili mkononi na sumaku ya spika mfukoni. Kaibandika: imeshika. Ananiambia, "Fundi, stenlesi gani hii?" Mimi kimya.

Nilikuwa nimebakiza kipande cha kama inchi nne. Nikakipasha kwenye mkaa wa feni mpaka kikawa rangi ya chungwa, nikakizima kwenye oili chafu, kama tunavyofanya springi za Land Rover tukitaka kutengeneza patasi. Nikapitisha tupa, inakula. Nikarudia kwa maji. Hola, tupa bado inakula.

Sasa hii ni stenlesi au nimepigwa? Na kama ni stenlesi, inakazwaje?

#2 Kiboko ya Chuma

Umepigwa mkuu. Stenlesi ya kweli haishiki sumaku, hata mtoto anajua. Hiyo ni chuma cha kawaida kimepakwa nikeli juu. Mrudishie muuzaji kabla hajahama fremu.

#3 Bi Metali

Polepole jamani, mtamgombanisha na muuzaji bure.

Sumaku haipimi kutu, inapima jinsi atomi za chuma zilivyojipanga. Stenlesi za masufuria na matangi ya maziwa, yaani 304 na 316, zina nikeli ya kutosha kuzifanya zibaki na mpangilio uitwao ostenaiti, na huo sumaku hauujali. Hii 17-4 nikeli yake ni asilimia 3 hadi 5 tu. Ikipoa inageukia mpangilio mwingine uitwao matensaiti, na matensaiti inashika sumaku kama msumari. Kinachozuia kutu ni kromiamu, nayo imo ya kutosha, asilimia 15 hadi 17.5. Kwa hiyo sumaku kushika hapa ni jambo la kutarajiwa. Kama isingeshika ndiyo ningepata wasiwasi.

Fundi, ukikutana na majina 630, S17400 au 1.4542, ujue ni chuma hichohicho kwa majina ya nchi tofauti.

Tuje kwenye kukaza, maana hapa ndipo ulipoteleza, na si kosa lako, ni mazoea. Springi ya gari ina kaboni kama nusu asilimia au zaidi. Ukiipasha ikawa nyekundu kisha ukaizima ghafla, ile kaboni inanaswa ndani na kuivuta matensaiti mpaka inakuwa ngumu hata tupa inateleza. 17-4 kaboni yake haizidi asilimia 0.07. Matensaiti yake ni ya kawaida tu, 33 au 34 hivi kwa Rokwel C, kipimo cha ugumu, na tupa nzuri itaila. Uichovye kwenye oili, maji au maziwa ya mgando, haitazidi hapo. Ulipoipasha na kuizima hukuikaza, uliirudisha ilikotoka.

Kinachoikaza ni shaba nyekundu. Imo asilimia 3 hadi 5. Kiwandani huipasha hadi nyuzi 1040 za Selsiasi, na kwenye joto hilo shaba yote huzama ndani ya chuma kama sukari kwenye chai ya moto. Kikipoa, chuma kinageuka matensaiti, na matensaiti haina nafasi ya kubeba shaba nyingi hivyo. Lakini ubaridi umeshaingia, atomi za shaba hazina nguvu ya kutembea, zinabaki zimenaswa palepale zilipokuwa. Hiyo ndiyo COND A uliyouziwa: chuma kilichobeba shaba kisichoitaka.

Sasa ukikirudisha kwenye joto dogo, 482 kwa saa moja, shaba inapata nguvu ya kusogea hatua chache tu. Inakusanyika katika vichembe vya nanomita chache, mamilioni kwa mamilioni. Chuma hupinda kwa sababu tabaka za atomi zinateleza juu ya nyingine. Vile vichembe vinakuwa kama mawe yaliyotegwa chini ya tairi la lori mlimani. Ugumu unapanda kutoka 33 hadi 40 na zaidi, bila kuchovya popote. Unaitoa tanurini unaiacha ipoe kwa hewa.

#4 Mkungu wa Kagera

Bi Metali, kwa hiyo inavundikwa! Kwetu ndizi za rubisi tunazifukia shimoni na majani makavu, joto kidogo, siku chache, unafukua zimeiva. Hazichemshwi, hazikaangwi. Ukizichemsha umezipeleka njia nyingine kabisa. Fundi wetu alichemsha ndizi akashangaa hazijawa tamu 😂

#5 Kiboko ya Chuma

Nafuta kauli ya #2. Nakaa hapa nijifunze.

#6 Bi Metali

Mkungu, sijawahi kusikia mwalimu yeyote akiieleza hivyo, lakini nalichukua neno. Kuvundika. Tena linaendana na historia yake. Mwaka 1906 Mjerumani Alfred Wilm alikuwa akijaribu aluminiamu yenye shaba. Aliipasha, akaizima, akaipima, ikawa laini. Alipoipima tena baada ya siku kadhaa ikawa imekaza yenyewe mezani. Aliuchapisha utafiti wake mwaka 1911, na hakujua sababu. Vichembe vilikuja kuonekana kwa eksirei mwaka 1938, na Guinier huko Ufaransa na Preston huko Uingereza, kila mmoja kivyake. Aluminiamu huvundika hata kwenye joto la chumbani. Ndani ya chuma shaba ni nzito wa kutembea, ndiyo maana tunaisukuma kwa nyuzi mia nne na themanini na zaidi. Marekani, kampuni ya Armco ndiyo iliyoitoa 17-4PH sokoni mwishoni mwa miaka ya 1940.

Ila mfano wa ndizi una mwisho. Ndizi ikipitiliza unatupa. Chuma hiki kikipitiliza mara nyingi ndicho unachokitaka.

Ukiongeza joto au muda, vichembe vinanenepa na kupungua idadi. Mawe makubwa machache, lori linapata nafasi ya kupita katikati. Nguvu inashuka, lakini chuma kinakuwa kishupavu, kinapinda kabla ya kuvunjika. Kwa hiyo kuna madaraja, na unachagua unavyotaka. H900 ni 482 kwa saa moja: nguvu ya kukatika isiyopungua megapaskali 1310, ya kuanza kupinda 1170, ugumu angalau 40. H1025 ni 552 kwa saa nne: 1070 na 1000, ugumu angalau 35. H1150 ni 621 kwa saa nne: 930 na 725, ugumu 28. Katikati kuna H925, H1075 na H1100, nazo ni saa nne kila moja.

Uzito wa jambo unaonekana kwenye kipimo cha nyundo, Charpy. Kwa H1150 kiwango cha ASTM, shirika la viwango la Marekani, kinadai joule 41. Kwa H1025 kinadai 20. Kwa H900 hakidai chochote, yaani wenye kiwango wenyewe hawathubutu kukuahidi.

Kwa kulinganisha tu, 316 laini huanza kupinda kwenye 205. H1025 ni karibu mara tano yake, na bado hailiwi na kutu kirahisi.

#7 Nahodha Mstaafu

Bi Metali na fundi, kabla hamjaenda mbali, hapo kwenye H900 pana shimo niliwahi kutumbukia. Niko Mombasa. Miaka ile karakana niliyokuwa nikifanya kazi ilipata shafti ya boti, mchoro umeandikwa H900. Kijana wa tanuri akaweka tisa mia. Tanuri letu linasoma Selsiasi.

Ile 900 ni Farenhaiti! Ni 482 zetu. Kazi ikatoka imejaa magamba meusi, laini vilevile, na imepinda kama upinde. Kilichofanyika ni kuirudisha karibu na hali iliyoanza nayo. Lezi ilikuwa imeshamaliza kazi, kwa hiyo hakukuwa na nyama ya kuondolea upindo. Tukaikata tukatengeneza boliti.

Namba zote za H ni Farenhaiti. 1025 ni 552, 1150 ni 621. Andika ukutani.

#8 Mkereza Shafti

Dah. Ningeweka 900 na mimi, sidanganyi.

Sasa wakuu, mteja wangu anataka "ngumu kuliko zote" isikatike tena. Niende na hiyo H900?

#9 Mwana wa Muscat

Assalam alaykum. Usiende na H900, ndugu yangu.

Mie nashughulika na vali za visima vya mafuta huku Oman, na hii 17-4 ndiyo mashina ya vali zetu nyingi. Kuna visima vyenye gesi ya salfa, ile yenye harufu ya yai viza. Gesi ile inaachia haidrojeni, haidrojeni inaingia ndani ya chuma, na chuma kilichokazwa sana kinapasuka bila kutoa taarifa. Kiwango cha NACE MR0175, cha vyuma vya visima hivyo, kinakwambia wazi: 17-4 isizidi Rokwel C 33, na ivundikwe (nimelipenda neno) mara mbili kwa 621, saa nne, ipoe, halafu saa nne tena. Hiyo yaitwa H1150-D. Ama ipitishwe kwanza 760 kwa saa mbili kisha 621 kwa saa nne, hiyo ni H1150-M. Nguvu inashuka sana lakini unalala usingizi.

Wewe huna gesi, una chumvi. Lakini angalia: hiyo pampu ina zinki ya kulinda kutu? Wenye boti wanaifahamu. Zinki ikiliwa, upande wa shafti unatoka haidrojeni. H900 na zinki ni maji na mafuta ya taa kwenye chombo kimoja.

Na mwenye kufikiria kuitumia kwenye mvuke mkali, isikae muda mrefu juu ya nyuzi 300 hivi. Itakaza yenyewe pole pole kwa miezi, kisha iwe kavu kama biskuti.

#10 Bi Metali

Nakubaliana na Muscat. Kwa maji ya bahari vyuma hivi vinaanza kuwa salama dhidi ya kupasuka kwa chumvi kuanzia H1000 kwenda juu. Na hali mbaya kuliko zote ni ile uliyoitumia wewe, COND A yenyewe. Imejaa mkazo wa ndani, haina ushupavu, na chumvi inaipasua. Viwanda wanaiuza hivyo ili mafundi waikereze kisha waivundike. Haikukusudiwa kuingia kazini mbichi.

Lakini sitaki tuitwishe COND A lawama zote. Nieleze uso wa pale ilipokatika. Kuna mistari kama alama za maji kupwa ufukweni, inayoanzia sehemu moja? Au imepasuka matawimatawi kama mizizi? Na kona za mfereji wa kii uliziacha na mviringo?

#11 Mkereza Shafti

Nimeenda kuangalia kwa tochi. Kuna mistari ya ufukweni kweli, inaanzia kona ya chini ya mfereji, imekula kama theluthi mbili, halafu sehemu iliyobaki imekwaruzika kwaruzika. Matawi sioni.

Kona… nilitumia kisu kipya, kona kali kabisa. Nilijisifia hata.

#12 Bi Metali

Basi ni uchovu wa chuma. Kila mzunguko ulifungua ufa kidogo kuanzia kwenye ile kona, mpaka iliyobaki ikashindwa kubeba. Kona kali ndiyo iliyopanda mbegu, COND A na maji ya chumvi vikamwagilia. Shafti ijayo acha mviringo chini ya mfereji, hata nusu milimita inasaidia sana, na usiumalizie mfereji pale ambapo kipenyo kinabadilika.

Ningekuwa mimi, H1025. Kama pampu ina zinki, H1100 au H1150.

#13 Kiboko ya Chuma

Swali la mchokozi: kwa nini asitumie 316 nene zaidi akaachana na matanuri? Au ile stenlesi ya dupleksi, 2205?

#14 Nahodha Mstaafu

316 nene haiingii kwenye beringi na sili za pampu, hilo moja. La pili, kwa kutu peke yake ulichosema ni kweli. 17-4 inakaribiana na 304, 316 inaipita. Maji ya bahari yakisimama, chini ya sili na chini ya beringi za mpira panachimbika vitundu. Boti inayotembea kila siku haina shida sana, iliyofungwa gatini miezi mitatu ndiyo inayoliwa. Shafti za boti ziitwazo Aquamet 17 ni hii hii 17-4, na wazee wengi wamezitumia, ila wanazisafisha.

2205 ningeiheshimu kwa maji ya chumvi kuliko zote tatu. Lakini shafti ndefu nyembamba yenye mzigo mkubwa, nguvu ya 17-4 huipati kwingine kwa bei hiyo. Fundi mwambie mteja akizima pampu msimu wa mvua asukutue kwa maji baridi. Ni ndoo chache tu.

#15 Mzee wa Tanuri

Nimefuata uzi kimya, sasa mmefika kwangu. Nina tanuri la umeme la vyungu, na mafundi kadhaa huniletea vyuma. Haya ni ya mikono, si ya vitabu.

Kwanza, ule muhuri wa COND A maana yake kazi ya 1040 imeshafanyika kiwandani. Chuma kipya usikipashe nyekundu kabisa. Unakosea mara mbili: unaharibu kilichofanywa vizuri, na mkaa unaongeza kaboni juu ya ngozi. Kile kipande cha inchi nne kitupe au kifanye nanga ya nyavu.

Pili, usiamini namba ya tanuri. Tanuri la vyungu halikasiriki kwa nyuzi thelathini, vyungu vinaiva tu. Chuma hiki kinataka nyuzi nane juu au chini, basi. Nunua waya wa kupimia joto, thamokapo aina ya K, ufunge uguse chuma chenyewe katikati, na mwingine mwishoni. Utashangaa tofauti ya mlangoni na ndani. Saa inaanza kuhesabiwa chuma kikifika, si hewa ikifika. Shafti ya mm 50 inachelewa.

Tatu, ioshe. Sabuni, kisha spiriti, kisha usiiguse kwa mikono mitupu. Alama za vidole na oili ya kukerezea zinaungua na kuacha madoa ambayo mteja atakwambia ni kutu. Ikitoka 482 itakuwa rangi ya asali, juu zaidi inaelekea kahawia na buluu. Usiogope, ni ngozi tu, inasuguliwa.

Nne, na hii naiona watu wa pwani wanaisahau. Kama umelazimika kufanya tena ile ya 1040, chuma lazima kipoe mpaka CHINI ya nyuzi 32 kabla hujakivundika. Matensaiti inaanza kuzaliwa kwenye 130 hivi na haijamaliza mpaka 32. Sasa Dar mwezi wa pili, chini ya bati, saa nane mchana, hiyo 32 unaipata wapi? Unashika chuma unaona kimepoa, kumbe kiko 36 na bado kina ostenaiti ndani. Ukikiingiza tanurini hivyo, ugumu unatoka wa mabakamabaka, huku 38, kule 33. Kikishashikika mkononi kitumbukize kwenye maji ya mtungi, kikae mpaka kiwe baridi kwelikweli.

#16 Bi Metali

Mzee wa Tanuri, maji ya mtungi nayapeleka darasani kesho. Wenzetu wa nchi za baridi wanaisoma ile 32 na kuipita, kwao chumba ni 20.

Naongeza moja: safari ni ya kwenda tu. Ukiifanya H900 na kuona imekaza mno, unaweza kuirudisha kwenye 552 ikalegea hadi H1025. Ukiifanya H1150, huwezi kuirudisha 482 ukapata H900. Shaba imeshanenepa. Itabidi uanze upya na 1040. Mwenye wasiwasi aanzie joto la chini.

#17 Mkereza Shafti

Nimeandika yote kwenye daftari. Swali la lezi sasa: nikereze nimalize ndipo nipeleke tanurini, au nipeleke kwanza? Baada ya kukazwa visu vitakubali?

#18 Nahodha Mstaafu

Visu vitakubali. Si chuma cha 60. Kabidi nzuri, mwendo mdogo, maji mengi. COND A inakerezeka kama 304, inavutavuta. Wengine wanaipenda zaidi ikishavundikwa juu, chipsi zinakatika.

Ila usimalize kipenyo cha beringi kabla, kwa sababu inasinyaa. Kwenye H900 kila milimita inapoteza kati ya 0.0004 na 0.0006, na ukipanda madaraja inasinyaa zaidi. Unasema ni kidogo? Piga hesabu kwa beringi yako ya 40. Inapungua mm 0.016 hadi 0.024. Sasa kipimo cha k6, kile cha beringi kukaza kwenye shafti, kwa 40 ni kati ya 0.002 na 0.018 juu ya arobaini kamili. Yaani ukikereza vizuri kabisa ndani ya kipimo, ikitoka tanurini beringi inaingia kwa kidole. Na urefu wa mita moja na robo unapoteza zaidi ya nusu milimita.

Chonga karibu na mwisho, acha 0.3 penye beringi na sili, vundika, halafu malizia. Mfereji wa kii unaweza kuufanya kabla.

#19 Kijana wa Springi

Samahani kuingilia uzi. Kuna springi ndogo za vali zimeandikwa 17-7PH, ni hiihii?

#20 Bi Metali

Ni ndugu, si pacha. 17-7 inatumia aluminiamu badala ya shaba, na ikitoka kiwandani ni ostenaiti, unaipinda kirahisi. Waya wa springi ukiwa umeshavutwa ukiwa baridi, kazi ya kuugeuza matensaiti imefanywa na mvuto wenyewe. Unabaki na 482 kwa saa moja, wanaiita CH900. Bati zake ni hadithi ndefu: 760 kwa saa moja na nusu, upoze hadi 16 ndani ya saa moja, ukae nusu saa, kisha 566 kwa saa moja na nusu. Hiyo 16 hata mtungi wa Mzee hauifikii. Fungua uzi wako, tutakuja.

#21 Mkungu wa Kagera

Na kuchomelea je? Maana fundi wa kwetu kila kitu anabandika kwa fimbo ya 308.

#22 Mwana wa Muscat

308L inashika, lakini pale penye weldi hapavundiki, panabaki laini daima. Kwa bano la ngazi sawa. Kwa shafti, tumia waya wa 630 wenyewe, kisha uivundike yote baada ya kuchomelea, na kwa kazi kubwa uanzie 1040. Shafti iliyokatika kwenye mfereji wa kii mie siichomelei. Hiyo unatengeneza mpya.

#23 Mkereza Shafti

Wakuu, narudi na mrejesho, wiki tano baadaye.

Muuzaji alikuwa na kipande kingine chenye muhuri uleule. Kabla ya kulipa nilimpata jamaa wa skrapa mwenye bunduki ya eksirei, akapiga: kromiamu 15.6, nikeli 4.5, shaba 3.4. Ile shaba ndiyo niliyokuwa naitafuta, maana 410 na 430 nazo zinashika sumaku lakini shaba hazina.

Nikakereza, nikaacha 0.3 penye beringi, mfereji wa kii nikaupa mviringo. Zinki kwenye pampu hakuna, kwa hiyo H1025. Tulikesha tanurini kwa jamaa wa vyungu, thamokapo mbili, moja ikasoma 553 na nyingine ya mlangoni 531. Tukaziba mlango kwa matofali ya ziada mpaka ikapanda 547, ndipo tukaanza kuhesabu saa nne. Imetoka kahawia kama tende. Chuo cha ufundi wamenipimia sehemu tano: 36, 37, 36, 36, 37. Urefu umepungua zaidi ya nusu milimita kama Nahodha alivyosema. Nikamalizia beringi, imeingia kwa kugongwa kidogo, safi.

Pampu inafanya kazi tangu Jumatatu ya juzi.

Mzee wa chumvi alikuja kuichukua na sumaku yake ileile. Kaibandika, imeshika. Kaniangalia. Nikamwonyesha karatasi ya bunduki nikamwambia mzee, hii ndiyo yenyewe, ugumu wake unatokana na shaba. Akasema, "Shaba? Kwa hiyo mara hii umeniwekea shaba?"

Naombeni mtu aje amweleze, mimi nimechoka.

#24 Mkungu wa Kagera

Mwambie imevundikwa.